Kinu Kimepasuka, Bakuli la Jiwe Linatoa Unga: Anza Kuchunguza Hapa

Watu wengi hudhani vitu vya kuchongwa huharibika kwa kuanguka. Vinaanguka, ndiyo, lakini mharibifu mkubwa ni maji: yaliyoingia pasipotakiwa, au yaliyotoka haraka mno. Naandika kutokana na vinavyoletwa kibandani kwangu hapa Mwanza mwaka nenda mwaka rudi: mabakuli ya mawe ya Kisii, vinu, vinyago, vibuyu, mawe ya kusagia, na mara mojamoja mtumbwi. Malalamiko ni yaleyale, hivyo nimeyapanga kwa dalili. Sababu ninayokutana nayo zaidi inatangulia.

Kabla hujaanza, weka supagluu chini. Kubandua gundi ya haraka iliyopakwa usiku na mwenye kitu kunanichosha kuliko kuziba ufa wenyewe. Kwanza tazama, kisha lowesha, kisha gonga kwa ukucha usikilize. Kifaa kinashikwa baada ya hayo matatu.

Bakuli la jiwe linaacha unga mweupe mikononi

Mengi ya mawe haya hutoka Tabaka, upande wa Kisii nchini Kenya, yanavuka Sirari na kushuka kwa njia ya Tarime na Musoma mpaka kwetu. Ni laini kiasi kwamba kisu cha jikoni kinayachonga, na ukiyashika yana utelezi. Ndiyo maana wengine huyaita mawe ya sabuni. Fundi akimaliza kuchonga husugua kwa msasa wa maji, kisha hupaka nta. Mng'ao uliokuvutia dukani ni wa nta hiyo pamoja na msasa.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni nta kuisha. Dondosha tone la maji juu yake. Likisimama kama shanga, nta bado ipo. Likinywewa na sehemu ile ikawa na rangi nzito zaidi, nta imekwenda. Osha bakuli kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kipande, lifute, liache kivulini siku mbili. Halafu chukua msasa wa maji namba 400, sugua bakuli likiwa limelowa, nenda 600, malizia na 1000. Usiruke namba, maana mikwaruzo ya msasa mzito haiondolewi na msasa mwepesi, inalainishwa tu na kubaki pale pale. Likikauka kabisa, lipashe moto kidogo kwa jua la asubuhi, paka nta ya nyuki kwa kitambaa, subiri, kisha sugua kwa kitambaa kingine kikavu. Nta ya nyuki hupatikana kwa warina asali.

Sababu ya pili ni stili waya. Ukiona mistari myembamba inayozunguka ndani ya bakuli, kuna mtu nyumbani aliyeliosha kama sufuria. Tiba ni hiyohiyo ya msasa, ila utaanzia namba 240.

Ya tatu haitokei mara nyingi, lakini ikitokea inauma: si jiwe. Kuna vitu vinavyomiminwa kwenye umbo kwa plasta au kwa unga wa mawe uliochanganywa na gundi. Jiwe halisi ni la baridi ukiliweka shavuni, na ni zito kuliko linavyoonekana. Kwaruza chini ya kitako kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto. Likinuka plastiki, umepata jibu. Plasta yenyewe hainuki, lakini ni nyepesi, na tone la maji linazama ndani yake papo hapo. Hapo hakuna nta itakayosaidia. Liweke kabatini, liwe la kutazamwa.

*Onyo la chakula.* Mabakuli yaliyotiwa rangi nyekundu, buluu au nyeusi na kuchorwa twiga na pundamilia ni pambo. Rangi hutoka, na wauzaji wengine hung'arisha kwa dawa ya viatu. Weka funguo, weka shanga. Usiweke achari wala kachumbari. Dada mmoja aliniletea bakuli lake akidai lina kutu. Lilikuwa limenyonya siki ya wiki nzima pamoja na rangi yake lenyewe.

Jiwe lina doa la mafuta

Hili ni fupi. Jiwe lisilo na nta hunyonya mafuta. Changanya magadi ya kuokea na maji kidogo mpaka uwe uji mzito, paka juu ya doa, funika kwa nailoni, acha usiku kucha. Asubuhi toa nailoni, uache uji ukauke wenyewe, kwa kuwa ni wakati wa kukauka ndipo unapovuta mafuta juu. Rudia mara mbili au tatu. Doa la zamani hupungua, haliishi.

Jiwe limepata ufa, au kipande kimetoka

Kuanguka ndiyo sababu ya kawaida, hapo hakuna la kuchunguza. Lakini ukiambiwa "lilipasuka lenyewe tu", uliza kama liliwekwa juu ya jiko au lilimiminiwa maji ya moto likiwa baridi. Zipo nchi ambako watu hupikia vyungu vya mawe ya jamii hii tangu zamani. Lakini pambo letu la Tabaka halikuchaguliwa kwa kazi hiyo, na mishipa ya rangi unayoipenda ndani yake mara nyingi ndiyo mistari ya udhaifu.

Kupima: lowesha jiwe lote, lifute haraka, tazama. Uso hukauka kwanza, lakini ufa hubaki na mstari mweusi wa maji. Fuata mstari huo mpaka mwisho wake, kwani ufa karibu kila mara ni mrefu kuliko ulivyoonekana. Kisha gonga. Bakuli zima hulia, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Kuunga: tumia gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Supagluu huganda kabla hujapanga vipande sawasawa, na ikishaganda ni kavu mno kwa kitu kizito. Sugua sehemu isiyoonekana chini ya kitako upate unga wa jiwe lilelile, uchanganye kidogo na gundi ili mshono usionekane. Funga kwa mpira wa baiskeli, acha saa 24. Ukishaunga, bakuli hilo halirudi mezani kwa chakula.

*Simama hapa kama unataka kutumia mashine.* Kukata au kusugua jiwe kavu kwa grinda hutoa vumbi jepesi linalokaa hewani na kushuka mapafuni, nalo halitoki. Baadhi ya mawe ya jamii hii hubeba hata nyuzi za asbesto, na kwa macho huwezi kujua. Kazi ya jiwe hufanywa likiwa limelowa, nje, mbali na watoto. Barakoa ya kitambaa si kinga, tafuta ile ya N95. Ukimaliza usifagie vumbi likiwa kavu. Mwaga maji kwanza.

Hapa niseme jambo ambalo huulizwa na kila mgeni anapoona miamba yetu, kuanzia Jiwe la Bismarck mpaka majabali yaliyolala nyuma ya nyumba za watu: "Fundi, kwa nini usichonge bakuli kwa haya?" Haya ni matale, yaani granaiti. Yamejaa kwazi, madini magumu ambayo katika kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10 ni namba 7, wakati ulanga, madini laini ya mawe ya sabuni, ni namba 1. Ukucha wako ni kama 2 na nusu. Kisu kitaisha kabla jabali halijajua kama liliguswa. Na vumbi la kwazi ndilo baya kuliko yote.

Jiwe la kusagia linaacha mchanga kwenye unga

Lakini matale hayohayo husaga ulezi tangu enzi za mababu. Mchanga kwenye uji una sababu mbili tu zenye maana. Jiwe ni jipya, au jiwe limeoza. Jipya halina kosa: saga chenga za mchele au mahindi makavu, tupa, osha kwa brashi, rudia mara tatu. Kama mara ya nne bado meno yanasikia mchanga, kwaruza uso wa jiwe kwa ncha ya msumari. Chembe zikitoka kwa urahisi, jiwe hilo limekaa sana kwenye mvua na jua mpaka limelegea ndani. Libakize kuzuia mlango. Usijaribu kulipiga nyundo nyumbani ili lipate meno mapya. Vumbi nimeshalisema.

Kinu kimepasuka

Julai na Agosti kibanda changu hujaa vinu. Kiangazi kimekolea, upepo ni mkavu, na kila kinu kilichouzwa kikiwa kibichi wakati wa masika kinaanza kulipa deni lake.

Elewa kwanza kinachotokea. Mti ukikauka husinyaa, lakini hausinyai sawa pande zote. Kuzunguka mduara husinyaa zaidi kuliko kuelekea kiini, karibu mara mbili kwa miti mingi. Gogo la mviringo haliwezi kufanya hivyo bila kufunguka mahali fulani. Ndiyo maana nyufa za kinu huelekea katikati, kama spoki za baiskeli. Mchongaji anapokomba tumbo la kinu huondoa kiini cha juu, lakini kitakoni kiini kinabaki. Nyufa nyingi mbaya huanzia hapo.

Sababu, kwa mpangilio wa ninavyoziona:

Kwanza, mti ulikuwa mbichi na ukakauka haraka. Ukibeba kinu kipya na kukisikia kizito kupita kiasi, ukanusa ndani ukapata harufu ya mti uliokatwa jana, usikipeleke juani "kikauke". Hilo ndilo kosa linaloua vinu vingi kuliko mengine yote.

Pili, kuosha na kuacha. Maji yanabaki tumboni usiku mzima, ndani kunavimba, nje kumekauka. Asubuhi kinatolewa juani. Wiki kadhaa za hivyo zinatosha.

Tatu, mchi mzito kwenye kinu kitupu. Wanaotwanga udaga wa muhogo wananielewa: mabonge magumu, mikono miwili, na mwisho mwisho unabaki unga kidogo ambao mchi unaupita na kugonga kitako.

Nne, bungua, wadudu wanaotoboa mti. Nitawarudia.

Chunguza hivi. Ingiza kona ya kadi ya benki kwenye ufa. Isipoingia, ufa ni mdogo. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika na tarehe, kisha usikiguse kinu wiki mbili. Kama alama haijapitwa, mti umetulia na pengine hauhitaji kitu chochote. Hapo ndipo wateja hunikasirikia, kwa sababu walikuja kulipa na mimi nawarudisha na penseli. Mwisho jaza maji nusu, hesabu dakika kumi, tazama nje. Yakijitokeza, ufa umepenya.

Ufa mdogo usiopenya: kihamishie kivulini, kigeuze mdomo chini juu ya vijiti viwili ili hewa ipite, kifunike gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Lowesha gunia kila jioni, kila siku ukipunguza maji kidogo, kwa muda wa wiki mbili. Nia ni kukipunguzia kasi, si kukilowesha upya. Kisha paka nta kitakoni na kwenye mdomo, mahali nyuzi za mti zilipokatwa, kwa kuwa maji hutoka hapo haraka kuliko ubavuni. Ndani usipake chochote.

Ufa ulioingiza kadi lakini haujafika kitakoni: mwombe mchomeleaji akutengenezee mkanda wa chuma wenye bolti. Uvae kinu chini kidogo ya mdomo, ukaze robo mzunguko kwa siku, usilazimishe. Wengine hupenda pete ya chuma iliyopashwa moto ikavishwa nyekundu. Inapendeza, inakaza kweli, lakini inachoma mti na huwezi kuilegeza mvua zikirudi na kinu kikavimba. Mimi huchagua bolti.

Usizibe kwa saruji. Usizibe kwa unga wa randa na gundi ya mbao. Mchi utaitoa vipande vipande, nawe utaila kwenye kisamvu. Mama mmoja wa Igoma alinionyesha karanga zake zilizotwangwa zina chembe za kijivu, akidhani ni mchanga wa sokoni. Ilikuwa saruji ya mwanawe aliyetaka kumsaidia.

Ufa uliofika kitakoni na kupenya hautengenezwi na mtu wa nyumbani, na mara nyingi hata mimi siutengenezi. Mchi ukishuka kwa nguvu kinu kinaweza kugawanyika mguuni pa anayetwanga. Kigeuze kiti.

Kuna unga laini chini ya kinyago au kinu kila asubuhi

Tandika nailoni nyeusi chini yake, siku tatu. Unga mpya ukionekana, bungua bado wanakula. Nailoni ikibaki safi, matundu unayoyaona ni makaburi ya zamani na hayana haja ya dawa. Matundu hai yana rangi ya mti mpya ndani. Ya zamani yamekuwa meusi kwa vumbi. Ukiona njia za udongo badala ya matundu ya duara, hao si bungua, ni mchwa, na tatizo lako liko kwenye sakafu ya nyumba, si kwenye kinyago. Ita mtu wa dawa za mchwa.

Bungua hupenda ule mti mweupe wa nje, wenye wanga. Kwenye kinyago cha mpingo utakuta wamekula ukingo mweupe wakaacha weusi wote. Na kama "mpingo" wako umeliwa mpaka moyoni, futa mgongo wake kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Kitambaa kikitoka cheusi, ulinunua mti mwepesi uliopakwa rangi. Mpingo halisi huzama majini.

Tiba ya kitu kinachogusa chakula ni baridi. Funga kwa nailoni mbili, toa hewa, ziba kwa gundi ya karatasi, weka kwenye friza lenye nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Mwanza kupata friza la samaki si shida. Shida ni kukirudisha kinyago bila harufu ya sangara, hivyo nailoni ya pili si hiari. Kikitoka, usikifungue mpaka siku ipite na kirudi kwenye joto la chumba, vinginevyo jasho la hewa litakilowesha na utarudi kwangu na ufa.

Dawa ya kupulizia na mafuta ya taa havitumiki kwenye kinu, mchi, mwiko wala bakuli. Hata kidogo. Kama nguzo za nyumba pia zina matundu mapya, mwite fundi mwenye leseni ya dawa.

Kibuyu kinanuka, kina ukungu, au maziwa yanaharibika ndani yake

Kilizibwa kikiwa na unyevu. Sababu nyingine ni nadra. Tia maji ya moto na kokoto ndogo zilizooshwa, tikisa kwa nguvu, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Kikaushe mdomo chini, mahali penye upepo, siku tatu nzima. Wafugaji hufukiza ndani kwa kijinga cha mti mkavu. Inafanya kazi, na maziwa hupata ladha yake. Ukungu ukirudi mara ya pili, bado kuna nyama ya boga ndani. Ikombe kwa kijiko kirefu. Ufa hushonwa kama ulivyoshonwa siku zote, kwa uzi uliotiwa nta.

*Onyo.* Weka maji safi kwenye kibuyu kipya usiku mmoja, asubuhi onja tone na uteme. Yakiwa machungu, kibuyu hicho ni cha mapambo. Uchungu huo ni sumu ya jamii ya maboga na huleta kutapika na kuhara vikali. Aliyekwisha kunywa akaanza kutapika apelekwe hospitali, asisubiri.

Mtumbwi wa gogo unaingiza maji

Usiuchunguze ukiwa ziwani. Uvute mwaloni, pale ufukweni, uweke juu ya magogo mawili, umimine maji ndani yake, uzunguke chini ukiwa na chaki. Maji yatakuonyesha mahali, nawe weka alama.

Mara nyingi utakuta nyufa nyembamba za jua upande uliokuwa juu ulipoegeshwa. Uzamishe kwenye maji ya kina kifupi siku mbili. Mti utanywa na kufunga. Kama hazijafunga, zinahitaji kalafati ya pamba na mafuta, kazi ya dakika chache kwa anayeijua. Kisha funika mtumbwi kwa makuti au turubai kila unapoegeshwa.

Zinafuata bati za viraka vya zamani. Misumari ya chuma hupata kutu, kutu inalegeza mti ulioizunguka, na kiraka chenyewe kinakuwa mlango wa maji. Ng'oa, safisha mpaka kwenye mti mzima, usipigilie bati juu ya bati.

Baada ya hapo, kuoza. Uozo hauanzi sehemu inayozama daima. Unahitaji hewa pamoja na unyevu, hivyo utafute ndani, chini, pale maji kidogo yanapolala na magamba ya samaki, na kwenye ukingo. Choma kwa ncha ya bisibisi. Mti mzima unakataa. Ikizama kama kwenye kiazi, acha.

Mwisho kuna matundu ya duara sehemu iliyo chini ya maji. Pwani kuna mdudu wa baharini anayekula mbao, lakini ziwa letu halina huyo. Tuna buu wa mdudu ambaye wataalamu humwita Povilla adusta. Hali mbao, anaifanya nyumba, anakaa ndani na kuchuja chakula chake majini, kisha siku chache baada ya mwezi mpevu hutoka kwa makundi akiwa na mbawa. Mtumbwi unaolala majini miezi bila kuvutwa nchi kavu ndio anaoupenda. Kuuanika kivulini humfukuza.

*Hapa usijitengenezee mwenyewe:* ufa uliopita katikati ya kitako, bisibisi iliyozama, au matundu mengi mahali pamoja. Tafuta fundi wa mitumbwi, na mpaka aseme neno asipande mtu, hata kwa safari ya karibu, hata akiwa na jaketi la kuokolea. Fundi akikataa, usimtafute wa pili mwenye roho nyepesi. Ukate kati, uugeuze hori. Ukivuja hapo, wa kulalamika ni ng'ombe.